RAMADHANI, SIKU YA 14: Moto Haufuti Haki ya Mtu



Wengi wenu mnapita kila siku pale Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Ipo tangu 1927, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi hao hao ambao kikosi chao ndicho kilichotupa jina la Kariakoo. (Hukumu ya masanamu ina siku yake, leo sipo huko.) Mimi naangalia madini yake: shaba iliyochanganywa na stani, ikayeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu. Shaba peke yake inataka joto la nyuzi 1,085 ndiyo iyeyuke. Ukiichanganya na stani inayeyuka mapema zaidi, na ikipoa inakuwa ngumu kuliko mwanzo.

Qur'ani imeitaja kazi hii kwa heshima. Nabii Sulaiman alayhi salaam alitiririshiwa chemchemi ya shaba (Sabaa, aya ya 12). Dhulqarnayn alimimina shaba ya moto juu ya vipande vya chuma, ukapatikana ukuta (Al-Kahf, 96). Na katika Ar-Ra'd, aya ya 17, Allah anatupigia mfano wa povu linalopanda pale watu wanapoyeyusha madini: povu linakwenda bure, cha kuwafaa watu kinabaki.

Basi fundi wangu wa Gerezani, unaposimama mbele ya tanuri saa tisa mchana na koo limekauka, usijione mnyonge. Umo kwenye kazi iliyotajwa ndani ya Kitabu.

Lakini hapa pana jambo. Mwaka jana, kumi la kwanza tu, tuliamka tukakuta koki nne za shaba za kutawadhia hazipo. Wazee wakatawadha kwa ndoo na kopo. Siku chache baadaye akanijia kijana mmoja, fundi wa kuyeyusha, uso chini. "Shehe, nilinunua skrepa kwa kilo, koki zilikuwemo. Sikuuliza zimetoka wapi. Nimeshaziyeyusha, zimekuwa bushi za mashine, na nimeuza. Sasa si zimekuwa kitu kingine?"

Nilikaa kimya kidogo. Nikamwambia: mwanangu, moto unatoa povu la shaba tu. Haki ya mtu haimo kwenye povu useme utaikwangua uitupe, imo kwenye ile shaba uliyoiuza. Kitu chenyewe kikiwapo, kinarudi kwa mwenyewe. Kikiwa kimeshabadilika au kimeuzwa, inarudi thamani yake. Na toba inakuja pamoja na hilo, haikai badala yake.

Alilipa kidogo kidogo, hata Shaabani ilipoingia akawa amemaliza. Hakuna aliyemlazimisha, na jina lake sitalitaja, msinipigie simu.

Nyinyi mnaonunua kwa kilo, mnajua mnachokiona kwenye mzani. Waya wa umeme uliochomwa ganda, mita ya maji, kifuniko cha shimo la barabarani. Muulize anayeleta. Akibabaika, mwache aondoke nacho, hata kama jirani yako atanunua. Utafuturu kwa maji na tende, na riziki haikukimbii.

Koki za sasa ni za plastiki, na ya tatu kutoka mlangoni inavuja. Fundi bomba anakuja kesho baada ya Alfajiri, tumieni za upande wa pili. Taraweehe muda ule ule, inshaallah.