Amana ya Kalamu katika Manunuzi ya Serikali

Suala hili huulizwa mara kwa mara: mtu ambaye kazi yake ni kuandika tu masharti na makadirio ya manunuzi ya Serikali, asiyeshika fedha wala kumchagua muuzaji, je, yumo katika amana au hayumo? Wako wasemao kuwa hayumo, kwani amana ni ya mwenye kushika ufunguo. Kauli hii ni dhaifu, na udhaifu wake utaonekana.

Watu wakitajiwa khiyana hukumbuka habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi akaigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa wazazi wake, aone kama zawadi ingemfuata huko. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na hukumu yake haina shaka. Lakini hiyo ni khiyana ya mkono. Mwenye kuandika makadirio aweza kuipoteza haki ya watu na mikono yake mitupu, asipewe hata kikombe cha kahawa.

Na mfano wake uko karibu. Katika Oktoba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, na katika mpango huo yakapangwa madarasa 15,000. Kila darasa lilikadiriwa shilingi milioni 20, pwani na bara sawasawa, lijengwe na mafundi wa hapo hapo pasipo mkandarasi.

Sasa na itazamwe Karagwe, na Kyerwa iliyokatwa humo katika mwaka 2012. Si nchi ngeni kwa watu wa pwani. Speke alipofika kwa mfalme Rumanika katika mwaka 1861, wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuwa na kituo chao huko Kafuro, na umbali wa njia ile waliujua kwa miguu yao. Umbali haukupungua. Saruji ya Wazo, Dar es Salaam, au ya Tanga, yapita zaidi ya kilomita 1,200 kabla haijafika Kayanga, na kutoka hapo yapanda vilima kuelekea Murongo, mpakani mwa Uganda. Kila mkono iliopita umeongeza kitu katika bei, na hapana aliyeiba.

Maulamaa wa madhhab ya Imam Shafi'i wamesema kuwa wakili hana ruhusa kuuza kwa nakisi iliyo kubwa, wala kununua kwa ziada iliyo kubwa, bali hufuata bei ya mfano wa kitu. Na bei ya mfano hutazamwa kwa mahali pake na wakati wake. Basi aandikaye bei moja kwa Kinondoni na kwa Kyerwa ameandika bei ya mahali pamoja, akaipa jina la nchi nzima.

Lakini iko hoja ya upande wa pili, wala si haki kuidharau. Bei moja ni rahisi kukaguliwa. Kila wilaya ikiachiwa bei yake, mwizi naye hujificha nyuma ya umbali, akasema saruji ni ghali huku. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alikuwa akiandika mali ya magavana wake kabla hajawatuma, na hiyo ni dalili kuwa kufunga mlango wa hila ni katika siasa njema. Hapana shaka. Ila mlango wa hila waweza kufungwa kwa kuuliza bei za sokoni Kayanga na kuziandika, nayo ni kazi ya siku chache. Na hivi sasa, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, zabuni zapita katika mfumo wa NeST, ambao waweza kuzihifadhi bei hizo wilaya kwa wilaya. Kuacha kuuliza si tahadhari. Ni uvivu uliovaa kanzu ya tahadhari.

Wala mtu asidhani kuwa jambo hili ni kuwapangia watu bei, ambalo Mtume (s.a.w.) alilikataa Madina bei zilipopanda, akitaraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhuluma ya mali. Serikali yasema itakacholipa, na muuzaji ana hiari. Swali ni kwa asiye na hiari. Fedha zikipungua kabla bati halijapanda, kilichobaki hutoka wapi? Ama fundi apunguziwe ujira wake, ama mchanga uzidishwe katika zege, ama mzazi mwenye mibuni michache aambiwe achange. Watatu hawa hawakuwamo katika chumba makadirio yalipoandikwa, na fundi na mzazi ndio wanaodai. Wa tatu, mtoto akaaye chini ya ukuta ule, hajui kuwa anadai.

Akiwa mwandishi ameyajua haya, akayaandika kwa wakubwa wake na wakayakataa, dhima yake imetoka. Akiyajua akanyamaza kwa kuchelea cheo, mshahara wake una neno. Kwani yeye ni ajiri, aliyekodiwa kwa shauri lake, na shauri ndilo alilolizuia.