Kumshangilia Mwenye Majivuno: Je, Ni Dhambi?



Kila mara pigano kubwa la ngumi linapokaribia, mabishano huanza mitaani kwetu Wagenia, tangu kwenye mitumbwi mpaka mlangoni mwa kanisa. Mmoja anasema: "Huyu anajisifu mno, apigwe apate kunyamaza." Mwingine anajibu: "Ana haki ya kujisifu, nani amemshinda?" Kisha vijana wanatuletea swali: Je, mwamini anaruhusiwa kumshangilia mtu wa majivuno?

Wengine watasema huu ni mchezo tu, wazee wasijisumbue. Lakini sisi tunaona kwamba swali hili ni juu ya ulimi, na ulimi tunaoutumia kwenye mchezo ndio huo huo tunaoutumia katika sala. Kwa hiyo tulichunguze kwa njia ya pigano moja ambalo nchi yetu yote inalikumbuka: lile la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, wakati nchi ilipoitwa Zaire.

Wapiganaji walikuwa Wamarekani weusi wote wawili. George Foreman, mwenye miaka 25, alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, na katika mapigano 37 mpinzani wake hakufika mwisho. Joe Frazier na Ken Norton ndio watu wawili pekee waliokuwa wamewahi kumshinda Muhammad Ali; Foreman aliwaangusha kila mmoja katika raundi 2. Ali mwenyewe alikuwa na miaka 32. Wajuzi wengi wa mchezo walisema ataanguka, na wengine waliogopa hata kwa uhai wake.

Basi huyo aliyetazamiwa kuanguka ndiye aliyesema kuliko wote. Alisema yeye ni mkuu kuliko wote, tena ni mzuri wa sura. Alitunga maneno ya vina juu ya ushindi wake kabla ya kushinda. Pigano lilikuwa limepangwa tarehe 25 Septemba, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, likaahirishwa wiki tano. Kwa hiyo watu walipata muda mrefu wa kubishana. Ali alikimbia mazoezi yake asubuhi huko N'sele, kando ya mto huu huu wetu, na alipenda kukaa kati ya watu. Foreman alijitenga, alisema kidogo, na alikuja na mbwa wake mkubwa.

Sasa tutazame majivuno yenyewe.

Jambo la kwanza: si kila neno kubwa ni kiburi. Wapendwa, mkumbuke Daudi mbele ya Goliathi. Watu huwaza kwamba Goliathi peke yake alisema kwa majivuno na Daudi alikuwa kijana mpole wa kunyamaza. Someni tena. Daudi naye alijibu kwa sauti, mbele ya majeshi mawili, akataja mapema jinsi siku ile itakavyokwisha. Kwa hiyo hatuwezi kumpima mtu kwa ukubwa wa sauti yake. Tumpime kwa swali hili: neno lake likiwa la uongo, ni nani atakayelipa? Daudi alilisema neno lake, kisha akashuka bondeni na mwili wake mwenyewe.

Ali naye, ingawa hakuwa wa imani yetu, alikuwa mtu aliyelipa. Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini kwa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa miaka 5 ya kifungo na faini ya dola 10.000. Hakuingia gerezani kwa sababu alikata rufani, lakini alikaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, katika umri ambao mpiganaji ana nguvu zake zote. Mwaka 1971 mahakama kuu ya Marekani ikafuta hukumu ile. Mtu wa namna hiyo akisema "mimi ni mkuu", anaweka nyumba yake mwenyewe rehani.

Tena tukumbuke aliyasema wapi. Alikulia katika nchi ambako mtu mweusi alifundishwa kujiona mdogo na mbaya wa sura. Na hapa kwetu watu walifundishwa vivyo hivyo kwa miaka mingi. Mtu mweusi aliposimama na kusema bila aibu kwamba yeye ni mzuri, wengi walisikia kana kwamba wao wenyewe wameinuliwa. Hatuthubutu kusema kwamba furaha ile ilikuwa dhambi.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa vijana ni hili: kumshangilia mwenye kujisifu si dhambi kwa yenyewe. Mchague umpendaye. Ukipenda mwenye maneno mengi, haya. Ukipenda mnyamavu, haya.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Kuna maneno mtu anayosema juu yake mwenyewe, na kuna maneno anayosema juu ya mwenzake. Wenzake Ali wamesimulia kwamba aliuliza watu wa Zaire wanamchukia nani kuliko wote. Akajibiwa: Wabelgiji. Basi akawaambia watu kwamba Foreman ni Mbelgiji.

Watu walicheka, na kichekesho kile kilikuwa na nguvu, kwa maana kidonda kilikuwa bado hakijapona. Mbwa wa Foreman alikuwa wa namna ile ile waliyoitumia polisi wa wakoloni. Sisi tulio wana wa makanisa ya manabii wa Kiafrika tunalijua kidonda hicho pia. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 akafa kifungoni Elisabethville mwaka 1951, na wengi waliomfuata walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao. Wengine waliletwa hata Lowa, juu ya mto huu wetu. Kwa hiyo neno "Mbelgiji" halikuwa neno jepesi. Lilibeba minyororo na viboko.

Lakini Foreman alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa maskini, mzaliwa wa Texas mwaka 1949, mzao wa watumwa waliotolewa Afrika. Hakuwahi kumtawala mtu yeyote Kongo. Kosa lake lilikuwa kuja na mbwa na kutosema sana. Na kwa kosa hilo alivikwa mizigo ya miaka 75 ya dhambi za watu wengine. Kisha umati ukapata wimbo wake: "Ali, boma ye!" Yaani: Ali, mwue!

Mtu atatujibu: "Ni neno la uwanjani. Hakuna aliyetaka mtu afe." Tunakubali kwamba wengi hawakutaka. Lakini tazameni jinsi pigano lilivyokwisha. Lilianza saa kumi ya alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani wapate kulitazama jioni yao. Hapa Kisangani ilikuwa saa kumi na moja. Raundi baada ya raundi Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige mpaka mikono yake ikachoka. Katika raundi ya 8 Ali akampiga kwa haraka, na Foreman akaanza kuanguka, akizunguka polepole. Wakati ule Ali alikuwa ameinua mkono wa kulia, tayari, na mlengwa hakuwa na kinga yoyote. Hakupiga. Alimtazama akianguka, basi. Foreman mwenyewe baadaye alimsifu kwa jambo hilo.

Mwaweza kuliona, wapendwa? Umati wote ulimwomba aue, na yeye aliyeombwa ndiye aliyezuia mkono. Mpiganaji alijua mpaka wa mchezo kuliko watazamaji. Hili si jambo la ajabu. Yule aliye ulingoni anasikia pumzi ya mwenzake na kuona jasho lake. Sisi tulio mbali tunaona jina tu, na jina halitoki damu.

Lakini Ali naye hakuzuia ulimi kama alivyozuia mkono. Mwaka 1975, kabla ya kupigana na Joe Frazier huko Manila, alimwita sokwe mbele ya watu wote. Watu walicheka tena. Frazier alikuwa amemsaidia Ali wakati ule aliponyang'anywa ubingwa, na neno lile lilimuuma miaka mingi kuliko ngumi zote. Ni mwaka 2001 tu ndipo Ali alipomwomba radhi hadharani. Uvimbe wa uso hupona kwa wiki chache. Neno lile lilihitaji miaka 26.

Kwa nini tunawaandikia haya ninyi, watu wa Kisangani? Kwa sababu mji huu umeona mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni kicheko. Tarehe 14 Mei 2002, askari walioasi dhidi ya RCD-Goma waliteka redio ya hapa, wakawaita wananchi wainuke dhidi ya Wanyarwanda. Watu kadhaa waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda waliuawa na umati. Hakuna aliyeuliza vizuri: huyu ni nani, amefanya nini? Jina lilitosha. Kisha RCD ilipourudisha mji mikononi mwake, kisasi chake kikawa kikubwa mara nyingi zaidi. Kiliangukia Mangobo na mahali pengine, na miili ikatupwa katika mto Tshopo. Umoja wa Mataifa ulisema waliouawa walipita 160. Na mwaka 2023, katika Lubunga, ng'ambo ya mto, Wambole na Walengola, majirani wa siku zote, walichomeana nyumba na kuuana kwa ugomvi wa ardhi, na wengi wakakimbia na watoto wao.

Hatusemi kwamba kelele za uwanjani ni sawa na mauaji. Asiye na akili tu ndiye atakayechanganya mambo hayo. Tunasema kwamba moyo unajifunza. Aliyezoea kumvua mtu jina lake na kumvika jina la adui, akacheka, siku ya hatari atakuta jambo hilo ni rahisi kwake. Ninyi Wagenia mnajua kazi ya vikapu vyetu vya samaki. Kikapu kinategwa mdomo wake ukikabili maji yanayokuja, na kile ambacho mkondo unaingiza ndani hakitoki tena. Moyo ulio wazi mbele ya kelele za umati ni hivyo hivyo.

Jambo la tatu, na la mwisho: hatujui Mungu atamfanya nini mtu. Yule ambaye umati ulimwombea kifo alipata kushindwa tena mwaka 1977, huko San Juan, Puerto Rico. Katika chumba cha wapiganaji, usiku ule, alisema amekutana na Mungu. Aliacha ngumi miaka kumi, akawa mhubiri huko Houston, akafungua nyumba ya vijana. Alirudi ulingoni mwaka 1987, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akawa bingwa tena. Naye Ali alipata ugonjwa wa kutetemeka, na ule ulimi uliojulikana dunia nzima ukawa mzito. Mwezi wa Machi 1997, filamu juu ya pigano la Kinshasa ilipopewa tuzo huko Marekani, Ali alipaswa kupanda ngazi mbele ya watu. Aliyemshika mkono na kumsaidia kupanda ni George Foreman. "Mbelgiji" wa mwaka 1974 alikuwa amekuwa rafiki na ndugu. Ali alifariki mwaka 2016, Foreman mwaka 2025.

Basi tunawapa vijana wetu maonyo matatu kwa siku za mabishano.

Moja: sifuni kazi ya mpiganaji wenu mpaka mchoke, mikono yake, miguu yake, akili yake. Pembeni ya ulingo kuna nafasi ya kutosha kwa furaha.

Mbili: msimpe mpinzani wake jina lisilo lake, wala jina la mnyama, wala jina la taifa au kabila linalochukiwa. Akiwatangulia mpendwa wenu kulitaja, msilirudie. Neno lililotoka kinywani mwake ni lake. Ukilirudia, limekuwa lako.

Tatu: kabla ya kupiga kelele, jiulizeni, "Mtu huyu akiwa ameanguka hapa miguuni pangu, naweza kumwambia neno hili usoni?" Kama huwezi, usiliseme akiwa mbali.

Na wazazi wasikilize watoto wao wakati wa michezo, kwa maana hapo ndipo mtoto anapoonyesha ni majina gani ameyasikia nyumbani.

Bwana alinde midomo yetu, naye aulinde mji huu. Amina.