Mguu ni wa Nani?

Lipo neno moja tunalolitumia vibaya, nalo ni "amekwisha". Mchezaji akiacha kushindana akaanza kufundisha, utasikia kijiweni: "Aa, yule amekwisha bwana, siku hizi anafundisha watoto." Kana kwamba kufundisha ni jalala la kutupia vipaji vilivyochakaa. Ndizi ikikomaa hatusemi imekwisha, tunasema imeiva, tunaila. Sasa mtu aliyetumia ujana wake wote kujifunza jambo moja, akafikia umri wa kuligawa, kwa nini tumwambie amekwisha?

Ndugu msomaji, nataka kulitazama swali hili kwa kumtazama mtu mmoja ambaye dunia inamjua kwa dakika chache na karibu haimjui kabisa kwa miaka mingi. Huyo ni Tommie Smith, Mmarekani mweusi. Na nikishamtazama yeye nataka nifike kwenye swali gumu zaidi, linalonihusu mimi na kila anayevaa filimbi shingoni: mtu aliyezoea kuuhatarisha mwili wake mwenyewe, akikabidhiwa miili ya wengine aifundishe, ana haki ya kuihatarisha kiasi gani?

Smith alizaliwa Texas mwaka 1944, katika familia maskini yenye watoto wengi, akakulia California ambako walifanya kazi za mashambani, kuchuma pamba na zabibu. Miguu ikampeleka chuo cha San Jose State, kwa kocha Bud Winter. Huyu Winter alikuwa na fundisho linaloonekana kama la kichaa: ukitaka kwenda kasi, legea. Legeza taya, legeza mabega, legeza vidole. Anayekunja uso na kukaza ngumi anajifunga breki mwenyewe. Jaribu siku moja utaona.

Tarehe 16 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, Smith aliingia fainali ya mita 200 akiwa ameumia paja kwenye nusu fainali ya siku hiyo hiyo. Mwenzake wa chuo kimoja, John Carlos, ndiye aliyeongoza kutoka kwenye kona. Halafu Smith akafungua hatua. Akiwa bado hajafika mstarini alikwisha nyoosha mikono juu, na bado saa ikaandika sekunde 19.83, rekodi ya dunia iliyodumu hadi mwaka 1979. Peter Norman wa Australia akawa wa pili, Carlos wa tatu.

Kilichofuata wengi tunakijua kwa picha. Smith na Carlos walipanda jukwaani bila viatu, wakiwa na soksi nyeusi tu, kuonyesha umaskini wa watu wao. Wimbo wa taifa ulipopigwa waliinamisha vichwa, kila mmoja akainua ngumi moja yenye glavu nyeusi, Smith ya kulia, Carlos ya kushoto. Norman naye alibandika kifuani beji ya harakati yao ya haki za binadamu. Wale wawili wakafukuzwa kwenye timu na kwenye kijiji cha michezo. Nyumbani walipokewa na vitisho na milango iliyofungwa.

Hapo ndipo watu wengi wanapofunga kitabu. Lakini mtu hafi picha ikishapigwa. Kesho yake anaamka, anataka kula. Smith alijaribu mpira wa miguu wa Kimarekani, haukumfikisha mbali. Katika miaka ya 1970 akawa kocha wa riadha katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, akifundisha pia darasani. Halafu akaenda Santa Monica College, California, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2005. Santa Monica ni chuo cha miaka miwili. Maana yake ni kwamba kijana anakuja hajui kuchuchumaa mstarini, unamfundisha, anaanza kuwa kitu, anaondoka kwenda chuo kikubwa, na huko ndiko anakovuna. Wewe unabaki na wapya ambao nao hawajui kuchuchumaa. Mwaka hadi mwaka.

Basi hebu tupige hesabu. Sekunde 19.83 upande mmoja. Upande wa pili, zaidi ya robo karne ya asubuhi za kuwaambia vijana "rudia tena". Ipi kati ya hizo ndiyo kazi ya maisha yake?

Rafiki yangu mmoja, mpenda siasa, aliniambia: "Kaka, hilo siyo swali. Ngumi ile ilitikisa dunia. Ukocha ni mkate tu." Namwelewa. Lakini naona anachanganya ukubwa wa jambo na kelele zake. Ngumi ile ilikuwa kubwa kwa sababu Smith alikuwa anatoa chake. Medali yake, jina lake, riziki yake. Alikuwa na miaka 24, mtu mzima, msomi, na mambo hayo walikuwa wameyazungumza na wenzake tangu mwaka wa nyuma. Alijua bei, akalipa.

Sasa mweke mtu huyo huyo kando ya uwanja, mkononi ana saa ya kupimia muda, mbele yake ana kijana wa miaka kumi na tisa. Je, anaweza kumwambia kijana yule, "Nawe ukishinda inua ngumi"? Hawezi. Siyo kwamba ameogopa, wala siyo kwamba amebadili mawazo. Hawezi kwa sababu mkono siyo wake. Anachoweza ni kumfundisha kijana ajue kwamba mkono ni wa kijana mwenyewe, na siku ikifika ataamua la kuufanyia. Ushujaa haumwagwi kwa niaba ya mtu mwingine. Anayemwaga wa mwenzake tunamwita jina jingine.

Hapo naona jambo ambalo kijiweni halisemwi. Mkimbiaji na kocha wanahitaji maadili mawili yanayopingana. Mkimbiaji wa mbio fupi ni mtu wa kutumia: akifika mwisho akiwa na akiba, amekosea. Kocha ni mtu wa kutunza: akitumia kila alichopewa, amekosea. Kwa hiyo mkimbiaji anayegeuka kocha hashuki ngazi, anavuka mto. Anatakiwa ajifunze fadhila ambayo jana ingempunguzia kasi. Wengi hawavuki. Wanabaki ng'ambo ile ile, wanakimbia kwa miguu ya watoto.

Nasema haya nikiwa na langu la kusema. Nami nilikimbia mita 100 na 200 nikiwa chuo cha ualimu, kwenye uwanja wa udongo uliopigwa mistari kwa chokaa. Siyo kwamba nilikuwa moto wa kuotea mbali, lakini wilayani walinijua. Sasa nafundisha sekondari, na jioni nina kundi langu la wakimbiaji.

Mwaka mmoja nilikuwa na kijana wa kidato cha nne. Sitamtaja. Mwembamba, mpole, lakini akitoka kwenye kona unaona vumbi tu. Siku tatu kabla ya mashindano ya mkoa akashika nyuma ya paja, akachechemea. Nilimwambia apumzike. Kesho yake nikamtazama akitembea, nikajua huyu hakimbii. Nikampelekea mkuu taarifa.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alitaka shule ipate jina, na shule ile ilihitaji jina kweli, maana hata madawati tulikuwa tunaomba. Akaniambia: "Mwalimu, Akhwari alianguka akamaliza. Huyu anaumwa msuli tu."

Jamani, mfano wa Akhwari! Nani Mtanzania asiyeujua? Michezo ile ile ya Mexico, siku nne baada ya ngumi ya Smith, John Stephen Akhwari alikimbia marathoni. Akaanguka njiani, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha shinda zamani. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia, watu wengi wamekwisha ondoka, akamaliza wa mwisho. Nami nikisimulia habari ile darasani sauti inanikauka.

Lakini hebu tujiulize inatugusa kwa nini. Inatugusa kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Goti lilikuwa lake, njia ilikuwa yake, angeweza kupanda gari akaondoka na asingelaumiwa na mtu. Laiti angekuwa na mtu nyuma yake na fimbo, akimwambia "maliza, taifa linakutazama", habari ile ile, hatua zile zile, ingekuwa habari ya ukatili. Mwendo haukubadilika, ila uhuru umeondolewa. Kumbe basi tukimchukua Akhwari tukamfanya fimbo ya kuwachapia watoto wenye misuli iliyochanika, tunamwibia kile kile kilichomfanya awe Akhwari.

Nilimjibu mkuu hivyo, kwa maneno machache na kwa heshima. Hakufurahi, lakini akaniachia.

Ingekuwa imeishia hapo, ningekuwa na makala nzuri ya kujisifu. Haikuishia hapo. Yule kijana alinifuata jioni, amekasirika, machozi yanamlenga. Akasema: "Shikamoo mwalimu. Mwalimu, mguu si wangu? Mimi nataka kukimbia. Mwakani sipo hapa."

Sasa we niambie ungemjibu nini. Maana amechukua hoja yangu mwenyewe akanirudishia. Kama mkono wa Smith ni wa Smith, na goti la Akhwari ni la Akhwari, basi na mguu wa mtoto huyu ni wake. Na kweli mwakani hakuwepo. Kwa mtoto wa mkulima, mashindano ya mkoa huenda ndiyo mlango pekee atakaoonyeshwa. Mimi ni nani hata niusimamie mlango huo niseme hupiti?

Nimelifikiria jibu kwa muda mrefu, na nililo nalo ni hili. Mguu ni wake, sawa. Lakini "yeye" ni nani? Yupo huyu wa miaka kumi na saba anayesimama mbele yangu akilia. Na yupo mwingine, wa miaka arobaini, atakayetembea na mguu huo huo kwenda shambani, kupanda daladala, kumbeba mwanawe. Mguu ni wa wote wawili. Ila huyu wa kwanza ana mdomo, na yule wa pili bado hajafika kuulizwa. Mtu mzima kama Smith au Akhwari anaweza kusema kwa niaba ya nafsi yake ya baadaye, maana kidogo amekwisha ijua. Kijana bado hawajakutana nayo. Lazima awepo mtu wa kumsemea yule ambaye hayupo kikaoni.

Mtu huyo ndiye kocha. Na hapa ndipo ninapoona thamani ya kocha aliyewahi kukimbia mwenyewe. Yeye ndiye huyo wa miaka arobaini! Amefika kutoka kule ambako kijana anaelekea, na bado anakumbuka utamu wa mstari wa kuanzia. Akisema "usikimbie leo", hasemi kama karani aliyeshika kanuni. Anasema kama mguu wenyewe uliokwisha zeeka. Kocha asiyekumbuka utamu ule atawakataza watoto kila kitu. Asiyekumbuka makovu atawaruhusu kila kitu.

Najua hoja yangu ina hatari. Kwa kisingizio cha "nafsi yako ya baadaye" wazee wamewanyima vijana mengi sana, tangu ndoa hadi masomo. Ndiyo maana naiwekea mipaka. Kocha amsemee yule asiyekuwepo pale tu ambapo madhara hayarudishiki, na pale tu ambapo yeye kocha hapati faida kwa kusema hivyo. Mkuu wangu alikuwa na faida kijana akikimbia. Mimi pia nilikuwa nayo: angeshinda, ningeitwa kocha wa mshindi. Anayesema kinyume na faida yake mwenyewe angalau ana haki ya kusikilizwa.

Kijana hakukimbia. Shule haikupata nafasi. Walimu wawili watatu walininunia hadi muhula ukaisha. Kijana alimaliza mitihani akaondoka kwao, na hajawahi kuniambia kama alinisamehe. Siwezi kukuambia msomaji kwamba baadaye alishinda mahali fulani ikathibitika nilikuwa sahihi, maana haikuwa hivyo. Kazi ya kutunza ina shida hiyo: msuli uliochanika unaonekana, ambao haukuchanika hauonekani. Nani atapigia makofi jambo ambalo halikutokea?

Mwaka 2005, mwaka ule ule Smith alipostaafu, chuo chake cha zamani cha San Jose kiliweka sanamu yake na ya Carlos, ngumi juu. Ni haki kabisa, wanastahili. Lakini ukocha wa miaka yote ile haufinyangiki kuwa sanamu. Umo kwenye miili ya watu waliotapakaa, wengine leo ni wazee, wanaoamka asubuhi wakaenda zao kazini bila kuchechemea wala kujiuliza kwa nini hawachechemei.

Mtu wa namna hiyo mimi siwezi kumwita aliyekwisha. Anayeona vinginevyo, na hasa anayeona kwamba ningemwachia yule kijana akimbie, namwomba aandike. Kurasa ni hizi hizi.