Mkubwa wa Bahari ni Nani?

Wavuvi wa Kigombe, kusini ya mji wa Tanga, wakimshusha papa mchangani, watoto hukusanyika na wazee humpima kwa macho. Katika jarife lilo hilo pengine amenaswa mnyama mdogo wa jamaa ya kiti cha pweza, mwenye mikono mitano myembamba kama mikia ya mijusi. Huyo hutupwa bila kutazamwa. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Papa wa kilindini ni hodari: hunusa windo lake gizani, na meno yakimng'oka huota mengine. Lakini hukua polepole, huchelewa kuzaa, na watoto wake ni wachache. Pezi lake likikatwa halirudi. Yule mdogo hana hata ubongo. Akamatwapo na adui huuacha mkono wake akaenda zake, kisha mwingine huota. Hula masazo yaangukayo chini, na hivyo huisafisha nyumba ambamo wakubwa nao hukaa. Basi mwenye nguvu yu dhaifu kuliko tudhanivyo, na dhaifu anazo nguvu zake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha ya kuwa Mungu aliumba vitu vingi vya namna mbalimbali kwa sababu kiumbe kimoja peke yake hakitoshi kuuonyesha wema wake. Kipungukacho kwa kimoja hutimizwa na kingine. Baba Mtakatifu Fransisko aliyakumbusha mafundisho hayo katika waraka wake Laudato Si', mwaka 2015.

Atasema mtu: “Maneno hayo hayashibishi watoto.” Kweli, mvuvi ana haki ya kula jasho lake. Lakini baruti, iliyoharibu miamba ya Tanga kwa miaka mingi, haikuchagua mkubwa wala mdogo. Iliua samaki wa leo, ikavunja na nyumba ya samaki wa kesho. Walioumia kwanza ni maskini wenye mshipi na ngalawa. Naye silikanti, aliyenaswa katika majarife ya papa hapa Tanga tangu mwaka 2004, hata ikawekwa hifadhi kwa ajili yake mwaka 2009, ametuonyesha jinsi tujuavyo machache ya vilindini. Asiyejua thamani ya kitu asiwe mwepesi wa kukitupa.

Aliyewekwa juu ya hao wote ni mwanadamu, naye ataulizwa habari za uwakili wake. Tena azoeaye kumdharau kiumbe kwa kuwa hamfai, hakawii kumdharau mgonjwa, mzee, na mtoto asiyezaliwa bado. Ndugu msomaji, tujihadhari.