Deni la Raundi

Desemba mkoani Kilimanjaro barabara hujaa. Mabasi hutoka Dar es Salaam kabla hakujapambazuka, magari madogo hufuatana kupita Korogwe, Same na Mwanga, na watani huwauliza Wachagga kama wanakwenda kuhesabiwa. Ni msimu wa heri. Wazee hutembelewa, makaburi hupaliliwa, watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa kihamba, lile shamba la ukoo la babu. Lakini ndio msimu ambao kisa kama hiki hutokea, na ninakisimulia ili anayekwenda nyumbani mwaka huu akisikie mapema.

Mwanamume mmoja wa Majengo, Moshi, alitimiza miaka 40 mwishoni mwa Desemba. Kazi alikuwa nayo Dar es Salaam, mke na watoto alikuwa nao, na gari lake mwenyewe. Hakuwa mlevi. Mama yake angekula kiapo juu ya hilo, na angekuwa amesema kweli. Kwa siku yake ya kuzaliwa alitaka kitu kimoja tu: kuuzunguka mji uliomlea akiwa na watu waliomlea, wanywe kidogo kila mahali palipo na kumbukumbu yao. Akamwita mjomba wake, mdogo wake, dada yake, binamu wawili, na marafiki wawili aliosoma nao shule ya msingi. Pamoja naye wakawa wanywaji wanane. Wa tisa alikuwa shemeji, mume wa dada yake, mlokole asiyeonja pombe, aliyekubali kuendesha Noah mpaka mtu wa mwisho afike kwao.

Hawakuwa watu wa ovyo, basi. Walijua pombe na usukani havikai pamoja, wakajipanga.

Saa kumi jioni walianzia kilabuni Majengo, mahali ambapo babu alikuwa akimtuma utotoni. Wakaletewa mbege, ile ya ndizi mbivu na ulezi, yenye uchungu wa gome la msesewe. Mjomba akapokea kata kwanza kama umri wake unavyotaka, akanywa, akampa mwenye siku yake. Maneno yakawa matamu: nani alivunja kioo cha nani, nani alimkimbia mwalimu hadi Njoro. Kutoka hapo wakaenda kwenye grosari moja Pasua, wakahamia mjini karibu na Mnara wa Saa, wakamalizia Kiboriloni penye nyama choma na ndizi za kuchoma. Kila walipokaa, mtu alimwita mhudumu na kuzungusha mkono juu ya meza. "Tuwekee moja moja hapa." Na mwingine, kabla chupa hazijafika nusu: "Mangi, hii sasa ni ya kwangu, usinivunjie heshima." Ilipofika saa sita usiku wakammwagia maji mwenye siku yake kama ilivyo desturi, akalowa na shati lake jeupe, wakaimba, wakafungua chupa kubwa ya konyagi, wakagawana.

Shemeji akawarudisha wote salama. Mama alikuwa amewaachia mtori kwenye chupa ya chai. Wakanywa, wakalala.

Saa kumi na mbili asubuhi yule mwanamume aliamka mwenyewe. Akaoga maji ya baridi, akanywa chai ya tangawizi vikombe viwili, akavaa shati lililopigwa pasi. Ilikuwa Jumapili, na alikuwa amemwahidi mama kumpeleka Marangu kwa shangazi, wawahi ibada. Mke wake alifungua madirisha ya chumba kwa sababu ya harufu, akamtazama. Hakuona mlevi. Aliona mtu aliyeoga, anayesema sawasawa, anayetafuta viatu. Akanyamaza. Mama naye aliuliza mara moja tu, mlangoni: "Mwanangu, umelala vya kutosha?"

"Nimelala, mama. Twende, tusichelewe."

Shemeji, ambaye hakuonja hata tone, alikuwa amelala chumba cha pili. Hakuna aliyefikiri kumwamsha. Kazi yake ilihesabiwa kuwa imeisha usiku.

Walipoipita Kiboriloni na kushika barabara ya Himo, bodaboda ilitoka kwenye njia ya vumbi upande wa kushoto ikiwa na mikungu miwili ya ndizi. Kijana aliyeiendesha alikuwa na haraka ya soko, na aliingia barabarani vibaya kidogo, kama wanavyoingia wengi. Dereva alimwona. Hilo alilisema mwenyewe baadaye: nilimwona, nilijua nifunge breki, lakini mguu ulichelewa kufika. Mama alivunjika mfupa wa bega. Kijana wa bodaboda alipelekwa hospitali ya KCMC, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alikuwa na miaka 19.

Trafiki alipofika na kipima ulevi, yule mwanamume alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Afande, mimi leo sijanywa."

Alikuwa anasema kweli. Na kipimo nacho kilisema kweli.

Mtu huyu nimemtunga, pamoja na familia yake na yule kijana. Hesabu iliyomwangusha sikuitunga, na kila mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Bia ya kawaida ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 4.5 ina mililita 22.5 za kilevi chenyewe, yaani karibu gramu 18. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja tu inahitaji kama saa mbili kuisha mwilini. Raundi za watu wanane, kila mmoja akizungusha ya kwake, ni chupa nane kwa kila mtu, nazo ni gramu 144. Tuchukue gramu 8 kwa saa: ini linahitaji saa 18. Aliyeanza saa kumi jioni atamaliza saa nne asubuhi. Ongeza ile nyagi. Chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 35 ina zaidi ya gramu 200. Wakigawana wanane, kila mmoja amejiongezea kama gramu 26. Sasa tumefika saa saba mchana, na mbege hatujaigusa, kwa sababu mbege haina lebo na nguvu yake hutegemea ilivyochachuka.

Alipowasha gari kulipokucha, mwili wake ulikuwa bado na gramu zipatazo 58. Kwa mwanamume wa kilo 75 hivi, hicho ni kiwango kinachopita kikomo cha sheria ya Tanzania, ambacho kwa dereva wa gari binafsi ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Dereva wa gari la abiria haruhusiwi hata kidogo. Na mwili ukiwa mdogo, kilevi hukolea zaidi katika damu. Dada yake, aliyekunywa sawasawa na kaka zake, aliamka na mzigo mkubwa kuliko wao.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, tena watu makini. Tunadhani usingizi unafuta pombe. Usingizi hufuta uchovu, na usingizi wa mtu aliyekunywa haufuti hata huo vizuri. Maji baridi huamsha ngozi. Chai na kahawa hukodoa macho. Supu ya asubuhi hujaza tumbo na kurudisha chumvi. Hakuna hata kimoja kinacholiongezea ini kasi. Wanaozimua kwa bia ya asubuhi ndio wanaojidanganya zaidi, maana wanapata nafuu kwa kukopa tena juu ya deni la jana. Mtu anaweza kujisikia mzima, akatembea mstari ulionyooka, akajibu salamu zote, na bado mguu wake ukachelewa kufika kwenye breki. Nusu sekunde inatosha. Gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa hukata mita 10 katika nusu sekunde hiyo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa pombe, ini ndilo linalolipa, na hulipa kidogo kidogo kwa kiwango chake, halihimizwi wala halisaidiwi.

Turudi mezani sasa, kwa sababu deni lilianzia pale. Raundi ni adabu nzuri inayozaa hesabu mbaya. Kila mtu akinunulia wote, idadi ya chupa utakazokunywa haiamuliwi na kiu yako wala na akili yako. Inaamuliwa na idadi ya watu waliokaa. Mkiwa watatu, chupa tatu. Mkiwa wanane, nane, na aliyepewa ya wenzake saba hawezi kuondoka kabla ya kuzungusha yake, la sivyo ataitwa bahili mpaka Krismasi ijayo. Mnywaji wa polepole anakuta bia mbili zimepanga foleni mbele yake zikipata moto, anaharakisha ili asizidhalilishe. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Upendo ndio uliomlazimisha, na upendo ni mgumu kuukatalia kuliko amri.

Kuzunguka baa kunaongeza hatari nyingine ambayo aliyekaa mahali pamoja hana. Katika baa zetu chupa tupu huachwa mezani ili mhudumu ahesabu bili. Ukikaa sehemu moja, chupa zako zinakutazama. Saa tatu usiku unaziona nne, unajua umefika nne. Ukihama, zinabaki nyuma, na hesabu inabaki nazo. Pasua uliacha mbili, mjini ukaacha tatu, Kiboriloni unakaa kwenye meza safi iliyofutwa kwa kitambaa, na mwili unajihisi kama ndio kwanza unaanza. Muulize yeyote kati ya wale wanane alikunywa ngapi siku ile. Atasema nne, labda tano, na hatakuwa anadanganya kwa makusudi.

Moshi yenyewe inayajua haya kwa karibu. Katika chumba cha dharura cha KCMC, watafiti wa hapo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliandaa mazungumzo mafupi ambayo muuguzi huyafanya na majeruhi waliokuwa wamekunywa, wakayaita Punguza Pombe kwa Afya Yako. Muuguzi haji na fimbo wala mahubiri. Anamwuliza mgonjwa anakunywaje, pombe imemletea nini, na yeye mwenyewe anataka kubadili nini. Nalipenda wazo hilo kwa sababu linamchukulia mnywaji kama mtu mwenye akili timamu aliyekosa hesabu. Lakini ni mazungumzo yanayofanyika mtu akiwa tayari kitandani. Sisi tulio nyumbani tunaweza kuyafanya siku moja kabla.

Basi tuyafanye. Kama wewe ndiye mwenye siku yako, sema mapema kwamba hakuna raundi. Anayetaka kukuheshimu achangie mbuzi, achangie keki ya watoto, na pombe kila mtu aagize yake kwa kiu yake. Neno hilo likitoka kwako halimwaibishi mtu; likitoka kwa mgeni litaonekana ubahili. Kama ni lazima mhame kutoka baa hadi baa, kila unapofunguliwa chupa weka kizibo mfukoni. Ukiingiza mkono ukakuta vizibo vinne, umejua, na hakuna kitambaa cha mhudumu kitakachovifuta.

Na dereva wa usiku asihesabiwe peke yake. Mnapomchagua wa kuwarudisha nyumbani, chagueni hapo hapo atakayeendesha kesho asubuhi, na awe mtu asiyeonja, aliyelala. Akikosekana, ibada ya Marangu itafikiwa kwa daladala, au shangazi ataonwa jioni. Shangazi atasamehe. Mguu wa kijana wa miaka 19 hauna jioni ya kurudi.

Ninyi mliobaki nyumbani, wake, akina mama, akina baba, msimpime mtu kwa macho asubuhi. Msiulize kama amelala. Mwulizeni alikunywa chupa ngapi na ya kwanza ilikuwa saa ngapi, kisha mhesabu saa mbili na zaidi kwa kila chupa, tangu alipoanza. Akikasirika, akasirike. Ufunguo wa gari ukishakabidhiwa kwa mama usiku, mama alale nao chini ya mto, na asiutoe kabla hesabu haijaisha, hata mwanawe akiuomba kwa sauti nzuri na shati lililopigwa pasi.