Haki ya Panya Mweupe

Hapa mtaani kwetu Gihosha panya hana mtetezi. Anatoboa gunia la mchele, anaingia kwenye mfuko wa ndagala, na mto Ntahangwa ukijaa anahamia kwetu bila hodi. Kwa hiyo mjukuu wangu alipopewa na rafiki yake panya wawili weupe wenye macho mekundu, nyumba nzima ilinigeukia mimi, maana nimesomesha madrasa Buyenzi miaka mingi: Bibi, sheria inasemaje?

Jibu la haraka lipo. Hadithi mashuhuri inawataja watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Haram: kunguru, mwewe, nge, mbwa mkali na panya. Na wapo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliosema kilichoamriwa kuuawa hakifugwi. Wengine wangefunga kitabu hapo.

Mimi sikifungi, kwa kuwa sababu nayo imetajwa. Mtume (s.a.w.) aliagiza taa zizimwe usiku kwa vile panya huweza kuburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Kinachopigwa vita ni madhara. Huyu wa kizimbani hajawahi kuuona utambi, na hata angewekewa mbele yake asingeuona vizuri. Macho yake hayana ile rangi inayozuia mwanga. Huyumbisha kichwa kushoto na kulia ili akadirie kitu kiko umbali gani. Mwanga mkali wa siku nyingi humpofusha kabisa. Mjukuu alikiweka kizimba dirishani ati wapate jua. Nikaamrisha kihamishwe nyuma ya mlango, mbali na mkeka wa kuswalia, kifunikwe nusu kwa kanga.

Nani aliyemfanya hivyo? Weupe huo hutokea wenyewe hata porini, lakini huko mwewe humwona mapema. Sisi binadamu ndio tuliomchagua, tukamzalisha kizazi baada ya kizazi. Taasisi ya Wistar, kule Philadelphia, ilianza na panya wake weupe mwaka 1906, na koo nyingi za panya wa maabara duniani zimetoka kwao. Dawa tunazomeza, nyingi zimejaribiwa kwanza kwa panya. Umdhoofishe kiumbe kwa faida yako, halafu useme huyo ni panya tu?

Jirani naye akaja na yake: weupe ule ni jini, au basi ni bahati, tutatajirika. Hapo nilikasirika. Mwaka 2008 kule Ruyigi watu wenye ualbino, watoto wakiwemo, waliuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali. Mwaka 2009 mahakama ya huko ikamhukumu mmoja wa washtakiwa kifungo cha maisha. Simfananishi mwanadamu na panya, hasha. Ila uongo ni ule ule, kwamba Mungu akimnyima mja wake rangi basi ameficha ndani yake kitu cha kuuzwa. Hakuna kilichofichwa. Rangi imekosekana, na shida iliyobaki ni jua na macho.

Turudi kwenye kufuga. Yule mwanamke wa hadithi aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka hakuadhibiwa kwa kufuga. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. (Na paka yule angeachiwa, angejitafutia nini kama si panya? Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi.) Hadithi hiyo ndiyo niliyomsomesha mjukuu, pamoja na masharti yake: wawe wawili, kwa sababu panya akiwa peke yake hunyong'onyea, na wote wawe wa jinsia moja, la sivyo wiki tatu tu watoto wamejaa nyumba. Chini watandikiwe karatasi zilizochanwa, si maranda ya msonobari, kwani mapafu yao ni mepesi kuugua. Wapewe kijiti cha kuguguna, maana meno yao hayaachi kukua. Na asije akachoka nao akawaachia bondeni. Huko hawadumu. Umri wao wenyewe ni miaka miwili, mitatu.

Hukumu yangu basi, ambayo si fatwa: panya uliyemfungia mwenyewe ni amana mpaka afe. Aliye kwenye gunia la mchele, mtegee mtego.