Pampu Haivuti Maji, Mwanangu

Mwanangu, kaa kwanza. Hiyo hela ya kununulia mashine kubwa iache mfukoni. Haya nimewaambia vijana wengi, na kusema kwenyewe kumenichosha, lakini nitayarudia kwa kuwa mwisho wake ni habari ya uhai.

Pampu haishiki maji ikayavuta. Inaiondoa hewa iliyomo ndani ya mpira wa kunyonyea. Hewa ya nje ndiyo inayoukandamiza uso wa maji kisimani na kuyapandisha. Na nguvu ya hewa ina kikomo. Huko Italia, Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba pampu za kunyonya zina kimo zisichokivuka. Baada ya miaka michache Torricelli akaonyesha sababu kwa zebaki, iliyosimama ndani ya mrija wa kioo kwa kimo cha sentimita 76 hivi. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Zidisha mwenyewe: mita 10.3 za maji, basi.

Hizo 10.3 ni za watu wa Tanga na Mombasa. Sisi wa Mbeya tuko kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu imepungua uzito, na kikomo chetu ni 8.4 hivi. Hapo toa mita 2 au 3 zinazodaiwa na pampu yenyewe, maana shinikizo likishuka mno maji hugeuka mvuke yakiwa bado baridi. Mapovu yake yakipasuka kwenye impela hula chuma, na utasikia mashine inalia kama inasaga changarawe. Toa na msuguano wa mpira. Unabaki na mita 5, pengine hazifiki. Maji ya kisima chako yako mita 9 chini. Lete injini ya nguvu ya farasi 5, lete ya 50, hayatapanda.

Huo msuguano nao mnaudharau. Mpira wa inchi 2 ukitobolewa na panya, unaunga wa inchi 1 kwa sababu ni rahisi. Maji yale yale yakipita kwenye nusu ya upana hulazimika kukimbia mara 4, na hasara ya msuguano inafika kama mara 32. Upande wa kunyonyea usibane kamwe. Ufanye mfupi, mpana, wenye elbo chache, na uwe unapanda moja kwa moja hadi kwenye mashine, pasiwe na nundu ya kukusanyia hewa.

Kagua klipu pia. Mpira wa kutolea ukitoboka, utaona maji yakiruka. Wa kunyonyea ukitoboka huoni tone, kwa kuwa ni hewa inayoingia ndani. Zima mashine, ujaze maji mpaka juu huku futivalvu, ile vali ya mwisho wa mpira wa kunyonyea, ikiwa imefunga vizuri, kisha pitisha kiganja kwenye kila kiungo. Panapolowa ndipo penye ugonjwa.

Sasa nisikilize vizuri. Najua ulichokuwa unakiwaza: kuishusha mashine ya petroli kisimani, uikaribishe maji. Kwa hesabu za kunyonya umepatia. Lakini moshi wa injini una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kisimani haina pa kutokea. Anayeshuka analegea na kuanguka. Nduguye anaruka kumwokoa, naye anabaki humo humo. Nakusihi kwa heshima ya mama yako, usiishushe. Hata ikishazimwa, ule moshi hautoki mara moja.

Kwa kina chako, pampu inayofaa ni ile ya umeme ya kuzamishwa. Hiyo inakaa ndani ya maji na kuyasukuma juu, kwa hiyo kikomo cha hewa hakiihusu. Ila bei yake inategemea kimo na wingi wa maji unayotaka, na vipimo hivyo huna. Subiri Oktoba, maji yakiwa yamepungua kabisa. Funga jiwe kwenye kamba, upime mpaka uso wa maji kabla hujachota, upime tena mkiwa mnachota. Kisha pima mpando kutoka kisimani hadi shambani, na urefu wa mpira wote. Niletee hizo namba tuzihesabu pamoja, ndipo twende dukani.